Dainamiki: Muda Uliosahaulika katika Fikra za Usanifu

Kwa muda mrefu nimekuwa na shaka moja kuhusu namna tunavyofundishwa fikra za usanifu, yaani mbinu ya kubuni vitu na huduma kwa kuanzia kwa mtu atakayevitumia, na kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo shaka hiyo inavyozidi kukomaa. Tunafundishwa kumwelewa mtu: tukae naye, tumsikilize, tutambue kinachomkwaza, kisha tumtengenezee kitu kitakachomfaa. Hilo ni jema na sina ugomvi nalo hata kidogo. Ninachokikosa humo ni muda. Mtu tunayemhoji leo hatakuwa yuleyule miezi sita baada ya kukabidhiwa kitu hicho, kwa sababu kitu chenyewe kitakuwa kimembadilisha mazoea, naye atakuwa amekibadilisha matumizi, na maelfu ya watu wengine wanaokitumia pamoja naye watakuwa wamebadilisha mazingira yao wote. Taaluma inayochunguza mabadiliko ya namna hii ipo, ina historia ndefu na ina zana zake, nayo ni dainamiki. Nataka kueleza kwa nini ninaamini kwamba msanifu asiyeitumia anakamilisha nusu tu ya kazi yake.

Dainamiki ilizaliwa ndani ya fizikia. Statiki huuliza ni kani zipi zinazolifanya jengo lisimame bila kusogea. Dainamiki huuliza kitu kitakwendaje pale kani hizo zisipolingana. Isaac Newton, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1687, alionyesha kwamba kani inaamua jinsi mwendo wa kitu unavyobadilika, na wala haiamui moja kwa moja kitu hicho kiko wapi. Wazo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani maana yake ni kwamba ukitaka kujua kitu kitakuwa wapi kesho, haitoshi kujua kinasukumwa na nini leo. Ni lazima ujue pia kilikuwa wapi na kilikuwa kikienda kwa kasi gani kabla hujaanza kukitazama. Msanifu anayeingia katika shirika au jumuiya akidhani kwamba mambo yote yanaanza siku aliyofika yeye amelisahau jambo hilo, na mara nyingi hulipa gharama ya kusahau huko wakati mazoea ya zamani yanapoubeba mfumo wake mpya na kuupeleka kusikotarajiwa.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwenye injini za mvuke. Mwaka 1788 James Watt alianza kuzifunga injini zake kifaa chenye mipira miwili inayozunguka: injini ikienda kasi kupita kiasi, mipira huachana na kupanda, na kuibana njia ya mvuke; injini ikipunguza mwendo, mipira hushuka na njia ya mvuke hufunguka. Hakuna mtu anayeshika valvu. Injini hujirekebisha kwa taarifa inayotokana na mwendo wake yenyewe, na sijui mfano ulio wazi zaidi ya huo wa kile tunachokiita mzunguko wa mrejesho. Lakini baadhi ya vidhibiti hivyo vilikuwa na tabia mbaya, kwani badala ya kuutuliza mwendo viliifanya injini ikimbie na kuzubaa kwa zamu bila kukoma. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alichapisha makala ya kihisabati kuhusu vidhibiti, na humo akaeleza kwamba mfumo ukitikiswa kidogo, mtikisiko huo unaweza kuendelea kukua, au kuendelea kufifia, au kugeuka kuwa mayumbo yanayozidi kupanuka, au mayumbo yanayozidi kupungua. Kati ya hali hizo nne ni mbili tu tunazoweza kuishi nazo. Mimi nimezichukua kama swali la kazi: ninapoweka kitu kipya mahali palipokuwa na utaratibu wake, natarajia mtikisiko nitakaouleta ufuate njia ipi kati ya hizo? Swali hilo halihitaji hesabu ngumu, na bado ni nadra sana kulisikia katika mikutano ya usanifu.

Aliyelitoa wazo hili kwenye mashine na kulipeleka kwenye shughuli za watu ni Jay Forrester, mhandisi wa umeme wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alishughulikia mitambo inayojiongoza kwa mrejesho na baadaye akaongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind. Mwaka 1956 alihamia katika shule ya menejimenti ya chuo hicho. Huko alikutana na watu wa kampuni ya General Electric, waliomweleza jambo lililowatatiza: viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky vilikuwa na vipindi vya kazi nyingi ambapo zamu zilifuatana usiku na mchana, na miaka michache baadaye nusu ya wafanyakazi walikuwa wakipunguzwa. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa ni kwamba biashara ina misimu yake. Forrester aliwauliza jinsi wanavyoamua kuajiri na kiasi cha bidhaa wanachoweka ghalani, kisha akachukua penseli na ukurasa wa daftari, akapiga hesabu ya wiki moja baada ya nyingine kwa kufuata kanuni zao wenyewe. Hesabu hiyo ilionyesha kwamba hata oda za wateja zingebaki palepale, kanuni hizo zilitosha kukizalisha kile kipindi cha kazi nyingi na kile cha kupunguza watu. Tatizo walilodhani linatoka sokoni lilikuwa limejengwa ndani ya uamuzi wao wa kila siku.

Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mchezo ambao hadi leo hutumika kufundishia, yaani mchezo wa usambazaji wa bia, na ningependa kila msanifu aucheze angalau mara moja. Wachezaji wanne wanakaa kwa mstari: muuzaji wa rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki ya mchezo kila mmoja anapokea oda kutoka kwa aliye mbele yake, anatoa mzigo alio nao, kisha anaagiza kutoka kwa aliye nyuma yake. Hawaruhusiwi kuzungumza, na kati ya kuagiza na kupokea mzigo hupita wiki kadhaa. Wateja wa mwisho wananunua makreti 4 kwa wiki. Baada ya wiki chache wanapanda hadi makreti 8, na hapo wanabaki hadi mchezo unapoisha. Hakuna badiliko jingine lolote linaloletwa kutoka nje. Muuzaji wa rejareja anaona ghala lake linakauka, anaongeza oda. Mzigo haujafika, naye kwa hofu anaongeza tena. Muuzaji wa jumla anaziona oda hizo zikipanda kwa kasi na kudhani kwamba soko limelipuka, kwa hiyo na yeye anaongeza za kwake, na hofu hiyo inazidi kuvimba kadiri inavyosogea nyuma hadi kiwandani. Kisha mizigo yote inawasili kwa mkupuo, maghala yanafurika, na oda zinaanguka hadi sifuri. John Sterman, aliyechapisha uchambuzi wa mchezo huu mwaka 1989, alikuta kwamba kwa wastani timu zilitumia gharama takriban mara kumi ya zile ambazo zingewezekana. Wachezaji wakiombwa mwishoni wachore jinsi wanavyodhani wateja walinunua, wengi huchora mawimbi makubwa yanayopanda na kushuka, na hushangaa wanapoonyeshwa ngazi moja fupi inayofuatiwa na mstari ulionyooka.

Sasa tuwafikirie wachezaji hao wanne kama watumiaji wanaohojiwa na msanifu makini. Kila mmoja atatoa lalamiko la kweli kabisa: aliye nyuma yangu ananicheleweshea mzigo, na aliye mbele yangu haeleweki anachotaka. Msanifu atayaandika maneno hayo kwa uaminifu, atayabandika ukutani, na huenda akaishia kumtengenezea kila mmoja programu ya kuagiza kwa haraka zaidi. Kila mhojiwa atafurahi, na mawimbi yataongezeka. Huruma kwa mtu mmoja mmoja, ikijumlishwa mara nne, haikufikishi kwenye chanzo cha tatizo, kwa sababu chanzo hakimo ndani ya yeyote kati yao. Kimo katika uhusiano baina yao na katika kuchelewa kwa taarifa na mizigo.

Fikra za usanifu zenyewe, kwa asili yake, hazikuupuuza muda. Herbert Simon, katika kazi yake ya mwaka 1969 kuhusu sayansi ya vitu vilivyoundwa na binadamu, aliueleza usanifu kuwa ni kubuni njia za kuigeuza hali iliyopo iwe hali inayotamaniwa, na maelezo hayo yanazungumzia mabadiliko kabla ya kuzungumzia kitu chochote. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber waliandika kuhusu matatizo ya mipango yasiyo na mwisho unaojulikana, ambayo kila jaribio la kuyatatua huacha alama isiyofutika na huenda likazaa tatizo jingine. Richard Buchanan aliyaunganisha mawazo hayo na fikra za usanifu mwaka 1992. Baadaye, hasa baada ya makala ya Tim Brown wa kampuni ya usanifu ya IDEO ya mwaka 2008 na kuenea kwa mafunzo ya Chuo Kikuu cha Stanford, mbinu hii ilifupishwa kuwa hatua tano ambazo sasa zinajulikana kila mahali: kumwelewa mtumiaji, kuliainisha tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza mfano, kuujaribu. Ninauelewa umuhimu wa ufupisho huo, kwa kuwa umewafungulia mlango watu wengi ambao hawakuwahi kujiona kuwa wasanifu. Hata hivyo, katika kufupisha huko muda uliobaki ni muda wa mradi tu, ule wa wiki za warsha na tarehe za kukabidhi, huku muda wa kile kinachosanifiwa, ambao huanza pale mradi unapoisha, ukiachwa nje ya mchoro.

Hakuna mfano unaonishawishi juu ya hasara ya kuuacha muda huo kama daraja la waenda kwa miguu la Millennium jijini London. Lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, umati mkubwa ukalivuka, na likaanza kuyumba upande kwa upande kiasi cha kuwafanya watu washike kingo. Siku mbili baadaye lilifungwa. Wahandisi wake hawakuwa wazembe. Hesabu za uzito, upepo na mitikisiko ya juu na chini zilikuwa zimepigwa. Kilichotokea kilihusu namna watu wanavyotembea. Kila tunapokanyaga, mguu husukuma kidogo upande, wa kushoto huku na wa kulia kule, na kwa mwendo wa kawaida wa hatua mbili hivi kwa sekunde, msukumo huo wa pembeni hujirudia takriban mara moja kwa sekunde, kasi iliyokaribiana na ile ambayo daraja lenyewe lilipenda kuyumbia. Daraja liliposogea kidogo sana, waliokuwa juu yake walitanua miguu na kurekebisha hatua ili wasipoteze uwiano, na marekebisho hayo yaliongeza msukumo kwa wakati uleule daraja lilipokuwa likielekea upande huo. Kuyumba kulizaa hatua zinazoongeza kuyumba.

Wahandisi hao, wa kampuni ya Arup, walifanya majaribio ya kuwatembeza watu darajani kwa makundi yanayoongezeka, na wakakuta kwamba mpaka idadi fulani daraja lilibaki limetulia, lakini ilipopitwa tu, mayumbo yalikua kwa ghafla. Mtu mmoja hakuonyesha chochote. Watu kumi hawakuonyesha chochote. Naitilia mkazo hoja hii kwa sababu mwaka huohuo wa 2000 Jakob Nielsen alichapisha ushauri wake maarufu kwamba majaribio ya watumiaji watano yanatosha kuyafichua matatizo mengi ya matumizi ya tovuti, na ushauri huo, ambao ni mzuri kwa kusudi lake, umegeuzwa na wengi kuwa kipimo cha kila usanifu. Watumiaji watano wanaojaribu kila mmoja kwa wakati wake watakuambia kitufe kimefichika wapi. Hawawezi kukuambia kitakachotokea pale watu 2,000 watakapoanza kuitikia mienendo ya wenzao. Dawa iliyotumika London nayo inafundisha: wahandisi waliufunga muundo takriban vifaa 90 vya kufyonza mtikisiko, na daraja likafunguliwa tena Februari 2002 likiwa na sura ileile. Waliuacha umati utembee ulivyozoea, wakaongeza mahali pa kuipoteza nishati ambayo zamani ilikuwa ikilimbikizana.

Waliolielewa jambo hili mapema zaidi kuliko sisi wa huduma na programu ni wasanifu wa michezo. Mwaka 2004 Robin Hunicke, Marc LeBlanc na Robert Zubek walipendekeza mchezo utazamwe kwa tabaka tatu: kanuni zilizoandikwa, mienendo inayochipuka kanuni hizo zinapochezwa, na hisia anazozipata mchezaji. Msanifu anagusa tabaka la kwanza pekee. Mchezaji anaishi katika la tatu. Na kiungo kati yao ni mienendo ambayo hakuna anayeiandika moja kwa moja. Walitoa mfano wa Monopoly, mchezo wa ubaoni wa kununua ardhi na kutoza kodi, ambamo anayetangulia hukusanya kodi zaidi, na kodi hizo humwezesha kununua zaidi, hata waliobaki nyuma wanakaa mezani wakisubiri kufilisika. Kwa mchezo wa kujiburudisha hiyo ni kasoro. Lakini mchezo uliouzaa Monopoly ulibuniwa na Lizzie Magie, aliyeusajili Marekani mwaka 1904, naye alitaka wachezaji waone kwa macho yao jinsi umilikaji wa ardhi unavyomtajirisha mmoja na kuwafukarisha wengine. Alitunga pia kanuni mbadala zilizowanufaisha wachezaji wote utajiri unapopatikana. Kwa ubao uleule na kete zilezile, kanuni tofauti zilizaa jamii mbili zisizofanana. Namhesabu Magie kuwa mmoja wa wasanifu wakubwa wa dainamiki, kwa maana yeye alianza na mwenendo aliotaka uonekane, ndipo akatafuta kanuni za kuuzalisha.

Nieleze sasa jinsi mambo haya yanavyoingia katika kazi ya kawaida, kwa mfano wa huduma ya kupanga miadi ya kumwona daktari. Tuseme kliniki ina nafasi 50 kwa siku na kwamba watu 48 wapya wanahitaji huduma kila siku. Kwa hesabu ya haraka hakuna tatizo, kwa kuwa nafasi mbili zinabaki. Sasa tuongeze kwamba mmoja kati ya kila kumi waliopangiwa hafiki siku yake, na kwamba hatimaye anarudi kuomba miadi nyingine. Wanaorudi huzijaza nafasi zote 50, lakini wanaohudumiwa ni 45, wanaohitaji ni 48, na foleni inakua kwa watu watatu kila siku. Baada ya siku 20 za kazi kuna watu 60 zaidi wanaosubiri, idadi inayozidi kazi ya siku nzima. Mpaka hapo ukuaji ni wa polepole na mtu anaweza kudhani kwamba daktari mmoja wa ziada atamaliza mambo.

Lakini kusubiri nako kuna matokeo yake. Aliyepangiwa miadi ya keshokutwa hufika. Aliyepangiwa ya wiki tano zijazo husahau, hupona, husafiri, au hupata huduma pengine. Wengine, kwa kuogopa foleni, hushika miadi mapema hata kabla hawajawa na haja ya uhakika, na wengine hushika mbili. Kwa hiyo kadiri foleni inavyorefuka ndivyo idadi ya wasiofika inavyoongezeka, na ikifika wawili kati ya kumi, wanaohudumiwa wanashuka hadi 40 na foleni inakua kwa watu wanane kila siku badala ya watatu. Foleni inajilisha yenyewe. Msanifu aliyewahoji wagonjwa na kusikia kwamba kupata miadi ni kugumu atatengeneza programu inayomwezesha mtu kushika nafasi kwa kubonyeza mara moja, na programu hiyo, kwa urahisi wake wote, itaongeza kasi ya miadi ya tahadhari. Wiki ya kwanza takwimu zitapendeza sana. Madhara yatajitokeza baadaye, wakati ambapo hakuna atakayeyahusisha tena na kazi ya msanifu.

Anayeutazama mfumo huo kwa jicho la dainamiki anauliza mzunguko unaweza kukatwa wapi. Anaweza kurahisisha kughairi kuliko kushika, ili nafasi irudi mapema. Anaweza kufupisha umbali wa siku ambazo mtu anaruhusiwa kushika miadi. Anaweza kwenda mbali zaidi, kama walivyofanya Mark Murray na Catherine Tantau nchini Marekani, waliotetea utaratibu wa kuwahudumia watu siku ileile wanayoomba: kwanza limbikizo la zamani linamalizwa kwa juhudi ya makusudi, kisha kazi ya kila siku inafanywa siku hiyohiyo, na kwa kuwa hakuna kusubiri, sababu nyingi za kutofika zinatoweka. Kinachonivutia katika utaratibu huo ni kwamba idadi ya madaktari inaweza kubaki ileile. Kilichobadilishwa ni umbali kati ya kuomba na kupata, na badiliko hilo limegeuza mwelekeo wa mzunguko mzima.

Katika warsha ninazoziongoza, kabla ya mtu yeyote kuchora skrini, naomba kila mshiriki achore mstari mmoja kwenye karatasi: mhimili wa chini ni muda, kuanzia mwaka uliopita hadi miaka miwili ijayo, na mhimili wa wima ni jambo moja analolijali, liwe ni idadi ya wanaosubiri, imani ya watumiaji, au mzigo wa kazi wa wahudumu. Kisha tunaibandika michoro yote kwa pamoja. Mara nyingi mkuu wa kitengo amechora mstari unaopanda taratibu, na mhudumu wa mapokezi amechora msumeno. Mazungumzo yanayofuata hapo ni ya kina kuliko yale yanayotokana na orodha ya mahitaji, kwa sababu watu wanaanza kuulizana ni nini kinachosababisha meno ya ule msumeno, na jibu karibu kila mara linahusu kitu kinacholimbikizwa na kitu kinachochelewa.

Kuchelewa ndiko kunakosumbua zaidi. Anayeoga kwenye bomba ambalo maji ya moto huchelewa kufika hulifungua zaidi na zaidi, kisha huungua, kisha hulifunga mpaka baridi imtie ganzi. Bomba halina ubaya wowote, ila mkono wake unaitikia hali ya sekunde kumi zilizopita. Taasisi nyingi huendesha huduma zao hivyo, kwa ripoti za robo mwaka zinazoelezea hali iliyokwisha kupita. Ndiyo maana katika hatua ya majaribio napendelea mfano wa karatasi unaochezwa na watu wengi kwa raundi nyingi, kila raundi ikiwa ni wiki, kuliko skrini nzuri inayojaribiwa na mtu mmoja kwa nusu saa. Mfano huo wa karatasi haupendezi kuutazama, na wateja wengine huona kwamba ni mchezo wa watoto mpaka raundi ya sita au ya saba, pale karatasi za maombi zinapoanza kurundikana mbele ya mtu mmoja.

Donella Meadows, aliyekuwa mwanafunzi wa fikra za Forrester na mmoja wa waandishi wa ripoti ya mwaka 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji, alipanga mwaka 1999 sehemu 12 za kuingilia mfumo kwa kufuata nguvu yake. Mwishoni kabisa mwa mpangilio huo, kwa udhaifu, aliweka kubadilisha viwango na tarakimu, kazi ambayo sisi wasanifu hutumia juhudi nyingi kwayo: kuongeza ukubwa wa kitufe, kupunguza ada, kuongeza vikumbusho. Juu zaidi aliweka nani anapata taarifa gani, kanuni, na lengo la mfumo wenyewe. Alisimulia kuhusu nyumba za Uholanzi zilizojengwa kwa namna moja, isipokuwa kwamba baadhi ziliwekewa mita ya umeme chini ya nyumba na nyingine ukumbini ambapo wakazi huiona kila wapitapo. Zenye mita ukumbini zilitumia umeme pungufu kwa asilimia 30. Hakuna aliyehubiriwa wala kutozwa faini. Sidai kwamba mpangilio wake ni sheria, na yeye mwenyewe hakudai hivyo, lakini kila ninapomaliza kuorodhesha mapendekezo ya mradi hujiuliza mangapi kati yake yanagusa tarakimu tu.

Elimu hii inaweza kutumiwa vibaya, na imetumiwa. Wanaotengeneza programu zinazomfanya mtu ashindwe kuweka simu chini wanaijua mizunguko inayojikuza yenyewe, kama ile ya foleni, vizuri kabisa. Wamechagua tu kutoweka popote kitu cha kuutuliza mzunguko. Kuna pia hatari kwa upande wetu wenye nia njema, ya kuupenda mchoro wa mizunguko kuliko watu unaowahusu, tukadhani kwamba mishale tuliyoichora ndiyo maisha yenyewe. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba dainamiki ichukue nafasi ya kuwasikiliza watu. Mhudumu wa mapokezi ndiye aliyeuchora msumeno; mimi ningeuchora wapi bila yeye?

Kilicho kigumu kuliko yote ni fedha na mikataba. Miradi mingi hulipwa hadi siku ya kukabidhi, kana kwamba daraja hukaguliwa kabla tu ya mtu wa kwanza kulivuka. Siku hizi naomba katika mkataba sehemu ya siku za kazi, ambazo kwa kawaida zingetumika kwenye mahojiano na kupamba mifano ya awali, ziondolewe huko na kutengwa kwa ajili ya marejeo matatu baada ya uzinduzi, ya kwanza yakiwa ndani ya mwezi mmoja na ya mwisho yasiwe kabla ya mwaka. Naomba pia tuandike mapema, kwenye grafu ileile ya warsha, mstari tunaoutarajia, pamoja na jina la kazi ya mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kanuni pale mstari halisi utakapoachana na ule wa matarajio. Wateja huuliza kama gharama itaongezeka. Najibu kwamba jumla ya siku ni ileile, ila mahojiano yatakuwa machache zaidi mwanzoni, na kwamba nitahitaji ruhusa ya kuziona takwimu zao za kila wiki, hata zile wasizopenda kuzionyesha.